Kundi la Maji na Neno "Mfereji": Uchambuzi wa Kisa Kimoja Nairobi

Rasimu ya karatasi ya kundi la watafiti wa maji ilitumwa Alhamisi jioni. Ilikuwa na kurasa 32, na kwenye ukurasa wa 19 palikuwa na jedwali lililosema kwamba karibu theluthi moja ya kaya zilizohojiwa katika mtaa mmoja wa Eastlands huchota maji kwenye mitaro iliyo wazi. Saa nne usiku mmoja wa wanakundi, mhadhiri nitakayemwita Daktari, aliifungua kwenye simu akiwa ndani ya matatu ya Ruiru. Hakuumaliza ukurasa huo. Alifungua kiambatisho chenye mahojiano ya Kiswahili, akapiga picha mstari mmoja, akauzungushia duara jekundu, akautuma kwa kundi zima la WhatsApp: "Jamani, mfereji hapa kwetu ni bomba."

Jumatatu iliyofuata jedwali hilo lilikuwa lionyeshwe mbele ya maofisa wa maji, wawakilishi wa kaunti na waandishi wa habari.

Wakati huo nilikuwa mratibu wa watafiti wageni katika taasisi ambayo sitaitaja. Wanaotujua watatujua. Baadaye mkurugenzi aliniomba niandike maelezo ya ndani kuhusu yaliyotokea, na haya ni maelezo hayo baada ya kuondoa majina na kuongeza maoni yangu, ambayo hakuyaomba.

Kundi lenyewe

Taasisi za aina yetu zina babu mmoja. Mwaka 1930 Louis Bamberger na dada yake Caroline Bamberger Fuld, waliokuwa wameuza duka lao kubwa mwaka uliotangulia, walitoa fedha za kuanzisha taasisi ya masomo ya juu ambayo baadaye ilipata makao Princeton, Marekani. Mkurugenzi wake wa kwanza, Abraham Flexner, aliijenga juu ya wazo jepesi kulieleza na gumu kulilipia: mpe msomi mshahara, ofisi na watu wa kuzungumza nao, kisha umwondolee wanafunzi, mitihani na vikao. Einstein aliingia 1933. Hadi leo hapo hapatolewi shahada, na kila mwaka hupita wageni wengi kuliko maprofesa wa kudumu.

Wajerumani waliongeza kundi. Kituo cha Bielefeld kijulikanacho kama ZiF, kilichoanzishwa 1968, huwakusanya watu wa fani mbalimbali wakae pamoja juu ya swali moja. Katika kundi lililoongozwa na Reinhard Selten mwaka 1987 na 1988 kuhusu nadharia ya michezo alikuwamo Elinor Ostrom. Mmoja alikuja kupata Nobel ya uchumi 1994, mwingine 2009. Berlin ikaanzisha yake, Wissenschaftskolleg, mwaka 1981: miezi kumi, kila mtu awepo, na chakula cha mchana meza moja.

Waasisi wetu walitembelea Berlin. Wakarudi na miezi kumi na chakula cha mchana. Kuna kitu cha tatu ambacho hawakurudi nacho, na nitakifikia.

Kundi la mwaka huo lilikuwa na watu saba. Kiongozi alikuwa mwanajiografia kutoka Ujerumani. Walikuwapo mwanahistoria wa Kimarekani, mtaalamu wa afya ya jamii kutoka Afrika Kusini, na mwanasosholojia wa kutoka Dar es Salaam ambaye kwao ni Moshi. Huyu sote tulimwita Dada, naye alitusalimu kila asubuhi kwa utaratibu ambao Nairobi tumeusahau. Hao wanne walipewa nyumba. Wa Nairobi walikuwa watatu: Daktari, ambaye ni mwanaanthropolojia wa chuo kikuu cha umma, Wakili, na Mhandisi, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye mabomba ya jiji hili.

Swali lao lilikuwa zuri. Jiji lililopewa jina na maji, maana Nairobi inatokana na Enkare Nairobi ya Kimaasai, maji baridi, lilianza kama kambi ya reli 1899 na tangu hapo limekuwa likiyafuata maji mbali zaidi na zaidi: Ruiru, kisha Sasumua, kisha bwawa la Ndakaini huko Murang'a lililokamilika 1994 likiwa na uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Hata hivyo kuna mgao. Watu huishi vipi kati ya siku ya maji na siku nyingine ya maji? Nani anauza, nani anahifadhi, nani anasubiri boza, nani anasukuma mkokoteni wa mitungi ya lita 20? Kundi lilitaka kujua maisha ya siku zile ambazo ratiba ya mgao haizitaji.

Mfereji wa Moshi na mfereji wa Makongeni

Mahojiano 41 yalifanywa kati ya Oktoba na Januari na wasaidizi wawili wa utafiti, vijana waliozaliwa Eastlands, kwa Kiswahili na Sheng. Wakayaandika neno kwa neno. Mkataba wao ulikwisha mwisho wa Februari, na siku ya mwisho mmoja wao aliniuliza kama anaweza kubaki na kitambulisho cha kuingilia getini awe kumbukumbu. Nilimwambia hapana, kanuni hairuhusu.

Tafsiri ilimwangukia Dada. Wiki tatu, peke yake, mahojiano yote. Kiswahili ni lugha yake ya kwanza pamoja na Kichaga, na hakuna aliyedhani kuna hatari yoyote hapo. Mtanzania akitafsiri Kiswahili, nani ataketi nyuma yake kumsahihisha? Sisi Wakenya tumezoea kuomba radhi kwa Kiswahili chetu mbele ya mtu wa Dar.

Lakini kwa mtu wa Moshi, mfereji ni mfereji. Ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, kama ile ambayo Wachaga wamekuwa wakiichimba tangu zamani kushusha maji ya Kilimanjaro hadi mashambani. Chuma chenye koki kinaitwa bomba. Huku Nairobi, mama akimwambia mtoto "funga mfereji," hamtumi kwenda kufukia handaki. Katika mitaa ile ya zamani ya Eastlands iliyojengwa na serikali ya kikoloni, ambako nyumba kadhaa zilitumia bomba moja uani, neno hilo lina uzito wa pekee: mfereji ni mahali, ni foleni, ni ugomvi wa asubuhi.

Nimeyasoma mahojiano yale upya, na kinachonishangaza ni jinsi kosa lilivyokaa vizuri. "Asubuhi tunachota kwa mfereji, jioni mfereji umekauka, nanunua kwa mkokoteni." Sentensi hiyo inakubali maana zote mbili, mtaro nao hukauka. "Mfereji ulifungwa wiki mbili." Mtaro nao huzibwa. Hata mstari ambao ungepaswa kumshtua mtu haukumshtua. Mzee mmoja alisema, "Mita ya mfereji wetu iliibwa, hadi leo." Yeye alimaanisha kile kidude cha shaba kinachohesabu maji, ambacho wezi hukipenda kwa sababu kinauzika. Dada aliona mita ya urefu, kwamba mtu amemega sehemu ya mtaro wa jirani. Katika jiji ambalo viwanja vya shule na kingo za mito vimenyakuliwa, tafsiri hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo. Kiongozi alipenda mstari huo. Pembeni aliandika: fuatilia, unyakuzi wa njia za maji.

Basi majibu yakaainishwa, yakahesabiwa, yakawa jedwali.

Hapa ndipo maelezo ya haraka yanapoharibika. Maelezo ya haraka, ambayo niliyasikia kwenye korido wiki nzima, ni kwamba Wakenya hawakuwapo. Lakini Mhandisi alikuwapo. Alikuwapo kila Jumanne, siku ya semina, amevaa tai, na daftari lake la jalada gumu. Mwezi Machi, toleo la kwanza la takwimu lilipowekwa ukutani, alisema, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao nilizoziandika mimi mwenyewe: "Hilo haliwezekani. Ile mitaa ina mabomba tangu kabla ya uhuru." Akaulizwa kama mabomba hayo yana maji. Akasema si kila siku. Akaulizwa basi watu hunywa nini siku ambazo hayana maji. Akanyamaza kidogo, akasema yale anunuayo kila mtu. Kikao kikaendelea. Kwenye kumbukumbu niliandika: Mhandisi ana shaka na takwimu kutokana na uzoefu wake wa awali katika sekta.

Isome tena sentensi hiyo. Niliiandika kwa nia njema, na ni tusi. Inamwambia msomaji kwamba mzee anawatetea waajiri wake wa zamani. Hakuna aliyempa mahojiano ya Kiswahili ayasome, kwa sababu hakuwa mtu wa mahojiano. Alikuwa mtu wa mabomba. Yeye aliona jedwali la Kiingereza lenye neno la mitaro, akajua ni uongo, asijue uongo umeingilia wapi. Wenye kujua neno walikuwa wameshalipwa na kuondoka. Mwenye kujua mabomba hakuonyeshwa neno. Na mtu ambaye angejua vyote viwili, Daktari, aliyefanya utafiti wake wa uzamifu katika mtaa jirani, alikuwa darasani.

Daftari la geti

Ijumaa asubuhi kiongozi alijibu kwenye WhatsApp. Sitaificha lugha yake, kwa kuwa ilikuwa ya heshima na iliuma zaidi kwa hilo: kama Daktari angekuwa anakuja Jumanne, tungelijua jambo hili Februari. Daktari akajibu baada ya dakika chache: "Profesa, Jumanne saa nne nina darasa la wanafunzi 210. Ulichagua Jumanne ukiwa bado Ujerumani."

Baada ya hapo hakuna aliyeandika tena kwa siku mbili, isipokuwa Dada, aliyeandika saa tisa usiku: "Kosa ni langu, nisameheni." Hakuna aliyemjibu pia, na hilo, kati ya mambo yote ya wiki ile, ndilo ambalo mimi binafsi naona haya nalo.

Mkurugenzi aliniita. Nilianza na kitu rahisi, daftari la geti, ambalo walinzi wetu hulijaza kwa uaminifu kuliko sisi tunavyojaza chochote. Kuanzia Septemba hadi siku ya rasimu, Mhandisi alikuwa ameingia mara 126. Mwanahistoria mara 118. Daktari mara 31. Wakili mara 9, na tangu Januari hakuonekana kabisa.

Ukiziangalia namba hizo peke yake, kiongozi ana haki. Kisha nikatazama saa. Kati ya mara 31 za Daktari, 24 aliingia kabla ya saa moja asubuhi na kutoka kabla ya saa mbili na nusu. Mlinzi wa zamu ya usiku ndiye aliyemjua kuliko mimi. Daktari alikuwa akitoka Ruiru saa kumi na moja ili asinaswe na msongamano wa Thika Road, anakaa ofisini kwetu saa moja na nusu akiandika, halafu anakwenda kampasi. Masomo manne muhula ule. Tasnifu kumi na moja za kusimamia. Darasa la jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu. Muhula wenyewe ulikuwa umesukumwa mbele na mgomo wa wahadhiri, hivyo mitihani ya muhula uliopita aliisahihisha akiwa tayari anafundisha muhula mpya. Alipotuma ule ujumbe wa saa nne usiku, alikuwa ametoka darasani muda mfupi uliopita.

Tulimlipa posho ya Sh70,000 kwa mwezi. Chuo chake hakikumpunguzia somo hata moja. Tulikuwa na barua ya mkuu wa idara inayosema idara "inaunga mkono" ushiriki wake, na tuliipokea barua hiyo kama vile mtu anavyopokea salamu.

Hiki ndicho kitu cha tatu ambacho waasisi hawakurudi nacho kutoka Berlin. Kule, mtafiti akija, taasisi inaweza kukilipa chuo chake ili kiajiri mtu wa kufundisha mahali pake. Yaani hawanunui msomi, wananunua nafasi aliyoiacha. Princeton iliwaondolea watu wanafunzi kwa kuwahamisha. Berlin huwaondolea kwa kulipa. Sisi tulimpa Daktari ufunguo wa ofisi, tukaamini kwamba ofisi ina muda ndani yake.

Kwa wageni hali ilikuwa tofauti. Kiongozi alikuja akiwa na likizo ya utafiti. Aliniambia, nilipomhoji, kwamba ilikuwa miaka kumi na mmoja tangu apate miezi kumi mfululizo bila kufundisha, na kwamba alipoona viti vitupu Jumanne baada ya Jumanne alidhani wenzake wa Nairobi hawalijali kundi. Si mtu mwenye kiburi. Alikuwa na kitu ambacho hakujua kwamba wengine hawana. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo angeweza kulijua. Wageni wanaotaka kufanya utafiti Kenya wanahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na mgeni hutakiwa kuwa na taasisi ya hapa anayoshirikiana nayo. Fomu za kundi zilipita vizuri kwa sababu Daktari na Wakili walisimama upande wa ushirika. Majina yao yalikuwa yameshafanya kazi kubwa kabla wenyewe hawajaketi.

Niseme kidogo kuhusu historia, maana Nairobi si mwanagenzi katika mambo haya. Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, IDS, ilianzishwa 1965, na kwa miaka kumi ya mwanzo ilikuwa kituo cha wasomi wageni kuliko vingi barani. John Harris na Michael Todaro walikuwa hapa walipokuwa wakiunda maelezo yao ya kwa nini watu huendelea kuhamia mjini hata pasipokuwa na ajira. Makala yao ya 1970 husomwa na kila mwanafunzi wa uchumi wa maendeleo. Joseph Stiglitz alikuwa hapa kati ya 1969 na 1971, na amesema mara nyingi kwamba aliyoyaona Kenya yalibadilisha fikra zake. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu ajira nchini Kenya, ambayo watafiti wa IDS walishiriki, ndiyo iliyolitangaza duniani wazo la sekta isiyo rasmi, kile ambacho sisi tulikuwa tukikiona kila siku Gikomba na kukiita jua kali. Sitaji haya kwa kulalamika. Nairobi huwapa wageni mawazo. Hilo ni jambo la kujivunia. Ila ukitafuta majina ya Wakenya waliokuwa kwenye vyumba vile, kazi inakuwa ngumu, na nadhani mojawapo ya sababu ni ya kawaida kabisa: pengine nao walikuwa wakifundisha.

Waliowahi kuliona tatizo hili mapema ni wachumi. AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wenye makao hapa Nairobi tangu 1988, haukujaribu kuwahamisha wasomi wa Kiafrika kutoka vyuoni. Huwapa ruzuku wakiwa kazini, kisha huwakutanisha mara mbili kwa mwaka wawasilishe na kukosoana. Hakuna bustani wala chakula cha mchana cha miezi kumi. Lakini mtu anayekuja kwa wiki moja akiwa ameachiliwa wiki hiyo huwapo kweli, kuliko anayepita kila alfajiri kwa saa moja na nusu. Kule Accra, taasisi ya MIASA iliyoanza 2018 nayo hualika makundi ya watafiti kwa miezi michache badala ya mwaka wa masomo.

Kilichobadilishwa, na kilichokataa

Kikao cha Jumatatu kiliahirishwa. Kiongozi mwenyewe ndiye aliyepiga simu moja baada ya nyingine, na Jumanne alisimama mbele ya kundi akasema jedwali limeondolewa na kwamba kosa lilikuwa la namna alivyolipanga kundi, si la mtafsiri. Dada alikuwa ameketi karibu na mlango. Nadhani alikuja akiwa tayari kuondoka.

Mkurugenzi aliwekewa mapendekezo mawili. La kwanza, kutoka kwa mjumbe mmoja wa bodi, lilikuwa kuongeza kwenye mikataba sharti la kuhudhuria siku tatu kwa wiki, na posho isimamishwe kwa asiyetimiza. Nililipinga kwa sababu lingemtoa Daktari kwenye kundi na kutuachia watu wenye muda tu, yaani wageni na wastaafu. La pili lilikuwa langu: tulipie walimu wa muda wafundishe masomo yake mawili kati ya manne kwa muhula uliobaki. Nilikuwa nimepiga hesabu na mkuu wa idara, Sh150,000 kwa kila somo, jumla Sh300,000. Kongamano letu la kufunga mwaka, hotelini, siku mbili, lilitengewa Sh1,200,000.

Bodi ikakubali. Chuo kikakwama. Fedha kutoka nje huingia akaunti kuu, na kutoka akaunti kuu hadi kwa mwalimu wa muda wa idara fulani kuna njia ndefu ambayo hakuna aliyeweza kuniambia mwisho wake. Mkuu wa idara, mama mwenye subira, aliniambia: "Mwanangu, zikifika huko juu, hata mimi sitaziona." Muhula ukaisha fedha zikiwa bado kwetu.

Kilichosaidia kilikuwa kitu ambacho hakikuwa kwenye pendekezo lolote. Tulikuwa na nyumba moja ya wageni wa muda mfupi, chumba kimoja na jiko, ambayo miezi mingi hukaa tupu. Msafishaji wetu ndiye aliyesema, alipokuwa akikusanya vikombe, kwa nini yule Daktari wa alfajiri asilale pale. Tukampa ufunguo, Jumatatu hadi Jumatano. Semina ikahamishwa Jumatano saa nane mchana, baada ya mimi kukusanya ratiba za watu wote saba kwenye karatasi moja kwa mara ya kwanza, mwezi Aprili, kazi ambayo ilinichukua dakika arobaini. Kuwa mgeni katika mji wako mwenyewe kulimchekesha. Mkewe hakucheka mara moja, alikuja kuiona hiyo nyumba kwanza. Saa tatu alizokuwa akizipoteza barabarani kila siku zikawa za kuandika.

Kisha wakakaa watatu, Daktari, Dada na Mhandisi, wakayasoma mahojiano 41 kwa sauti, kwa Kiswahili, wakiyasimamisha kila neno lilipoonekana kubeba kitu. Nilikuwa nikiwasikia kupitia ukuta. Dada aliuliza "hapa kwenu" inamaanisha nini, Daktari akajibu, Mhandisi akaeleza bomba hilo linatoka tangi gani. Wale wasaidizi wawili waliitwa tena, wakalipwa kwa siku, na wakala chakula cha mchana na kundi. Mmoja alituonyesha kwamba neno "mfereji" lina maana ya tatu ambayo hata Daktari hakuiona: watu husema "hatuna mfereji" wakimaanisha kwamba bomba lipo ila halijatoa maji wiki nzima, na husema "mfereji umerudi" maji yakitoka. Mfereji kwao si chuma wala handaki. Ni maji yenyewe yakiwa yanakuja.

Kutoka hapo karatasi iligeuka. Sensa ya 2019 iliuliza kila kaya chanzo kikuu cha maji ya kunywa. Chanzo si siku. Kaya yenye bomba linalotoa mara moja kwa wiki na kaya yenye bomba linalotoa kila asubuhi zote zinaweza kujibu bomba, wakati wahojiwa wetu walikuwa na neno moja linalotofautisha hali hizo mbili bila taabu. Karatasi ya mwisho inahusu tofauti hiyo, na kwa maoni yangu ni bora kuliko ile ya mitaro ambayo ingeliandikwa gazetini. Ina majina tisa. Kuongeza majina mawili ya wasaidizi kulichukua vikao viwili. Mwanahistoria alipinga kwa hoja kwamba hawakuandika, Dada akamuuliza yeye alitafsiri ukurasa upi.

Wakili hakurudi. Nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu alisema, kwa upole, kwamba alisubiri mtu amuulize kwa nini haji tangu Januari, na kwamba sasa ni Mei. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Fomu yetu mpya ya maombi kwa watafiti wa Nairobi sasa inauliza nani atafundisha masomo yako, na nani atamlipa. Waombaji wengi huandika "idara itapanga." Huwa tunawarudishia fomu.

Wiki ya mwisho ya Juni, wageni wakifunga masanduku, Mhandisi alikuja ofisini kwangu na daftari lake. Hakuwa na lalamiko kuhusu posho, wala mpangilio wa majina kwenye karatasi. Alikuwa na ombi moja, kwamba kumbukumbu za kikao cha Machi zirekebishwe. Nilifungua faili, nikafuta yale maneno kuhusu uzoefu wake wa awali katika sekta, nikaandika kwamba Mhandisi alieleza kuwa mitaa hiyo ina mabomba tangu kabla ya uhuru na akaomba chanzo cha takwimu kikaguliwe. Aliisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Akaniomba nichapishe nakala moja, akaikunja mara nne na kuiweka ndani ya daftari.